Namna ya Kumtembelea Kima Punju Usimwone

Kwanza, chelewa. Msitu wa Jozani haufiki saa moja kwa gari kutoka mjini Unguja, na kitu kilicho karibu hivyo hakina haraka. Kima punju hula asubuhi na jioni. Jua likiwa kali hujilaza matawini kama wazee waliotoka kwenye pilau ya harusi. Wewe ingia saa sita unusu. Bei usiulize getini, ilikoandikwa. Muulize papasi, yaani dalali wa watalii, pale Forodhani mjini, atakupa bei nzuri zaidi. Nzuri kwake, lakini ndiyo ukarimu.

Vaa kandambili. Maji ya Jozani yako karibu mno na uso wa ardhi, na masika ikikolea njia za msituni hugeuka madimbwi. Kandambili moja itabaki topeni chini ya mtondoo, nawe utapata hadithi ya kusimulia barazani.

Mwongozaji atakwambia usimsogelee kima, usimlishe, usipige kelele. Itikia kwa kichwa, kisha toa ndizi mbivu. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani, tena mabichi, na utamu wa tunda bivu humvuruga. Lakini wewe umetoka Dar na ndizi zako, utazirudisha? Ukiwa na mafua, ndiyo vizuri zaidi: sogea mpaka mwonane macho, upige chafya. Maradhi ya pumzi huvuka kati yetu na hawa jamaa zetu bila pasipoti.

Kisha piga selfi, yeye akiwa nyuma yako. Mtazame vidole: dole gumba limebaki kibutu tu. Hata ukimwachia simu hawezi kuandika ujumbe, na labda ndiyo maana ana wasaa wa kukaa na wanawe.

Kaa tayari kueleza mambo. Waambie wenzako kwamba punju ni sumu, kwamba mbwa akimla hunyonyoka manyoya na mti akiushambulia hukauka, kama watu walivyodai zamani. Ongeza kwamba anamaliza nazi za wakulima. Usitaje kwamba watafiti waliokwenda mashambani miaka ya 1990 kuzihesabu nazi hizo walikuta mavuno hayapungui pale kima wanapokula vidaka. Hesabu huharibu mazungumzo. Usitaje pia kwamba mnyama huyu, akishakula majani ya mwembe na mkungu, hutafuna makaa ya tanuri kukata makali ya majani hayo. Mtu atauliza nani alimfundisha, na hutakuwa na jibu.

Halafu mshike mwongozaji kwa swali la chui. Wataalamu wengi wanaamini chui wa Unguja ametoweka, lakini hakuna mzee wa Kusini asiye na jamaa aliyemjua mtu aliyefuga chui wa kichawi. Endelea kuuliza, kwa sauti. Paa nunga, ambaye ni adimu kwelikweli, atakuwa amekwishaingia vichakani wakati wewe unabishana.

Njia ya mbao ya mikokoni pale Pete, mimi ningeiruka. Maji yakipwa kuna kaa na mizizi iliyosimama kama vidole. Yakijaa, samaki wanapita chini ya nyayo zako. Hakuna anayenguruma, na picha zake hazipati wafuasi.

Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na sehemu ya kiingilio hurudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Kwa hiyo jitahidi uingie kwa ujanja, bila tiketi. Ukikamatwa, taja jina la mjomba wako serikalini.

Hapo nimemaliza mzaha, maana kuna jambo moja nisiloweza kulifanyia. Sensa iliyochapishwa miaka michache iliyopita ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya zamani, na wote duniani wako Zanzibar. Barabara ya kwenda Kusini inapita katikati ya makazi yao, nao huvuka na watoto wao. Yale matuta unayoyalaani karibu na geti yaliwekwa kwa ajili yao. Mwambie dereva wako apunguze mwendo hata pale pasipo na tuta.