Kumi, Tisa, Nane: Riwaya ya Kwanza Yatoka Chonyonyo

Umeandika neno "Mwisho" chini ya ukurasa, na kaunta buku la kwaya tatu limejaa mpaka jalada la nyuma. Hongera sana. Wanaoanza riwaya ni wengi, wanaoimaliza ni wachache mno, na wewe umeimalizia Chonyonyo, Karagwe, kwa taa ya sola, baada ya kutwa nzima kwenye migomba. Sasa kuna kazi ya pili: kuutoa muswada huo kwenye kaunta buku mpaka uwe kitabu chenye bei mgongoni. Kazi hiyo haikulazimishi kuhamia Dar es Salaam. Tuhesabu kurudi nyuma, kumi mpaka moja, na utani wa njiani uuvumilie. Tunataniana kwa kuwa tunakutakia mema.

10. Funga, ficha, sahau

Mpe mama muswada aufungie sandukuni na ufunguo akae nao yeye. Usiuguse mwezi mzima. Miwili ni bora zaidi. Palilia maharage, chuma kahawa, nenda Omurushaka ukapige soga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika kazi hii mgeni ni wewe mwenyewe utakayerudi baada ya miezi miwili. Utaona sura ya tatu inazunguka nyumba bila kupiga hodi, na utajua la kufanya.

9. Tafuta wasomaji watatu, na asiwepo anayekudai

Wala unayemdai. Anayekudai atasifu ili ulipe, unayemdai atasifu ili umsamehe.

Wa kwanza awe mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mkali wa kalamu nyekundu. Wa pili awe kijana anayesoma hadithi kwenye simu, kwa kuwa huyo akichoka hakuagi, anahamia video. Wa tatu ndiye muhimu kuliko wote: mtu asiyesoma vitabu kabisa. Kaa jikoni na shangazi anayemenya ndizi za jioni, umsomee kwa sauti. Usiutazame uso wake, maana uso una adabu. Tazama kisu. Kisu kikisimama katikati ya ganda, sura hiyo iache kama ilivyo, hata koma usiihamishe. Kisu kikiongeza mwendo, amechoka anataka amalize akalale. Akimwita mtoto alete maji katikati ya mazungumzo ya wapenzi wako wawili, basi wapenzi hao wanaongea mno.

"Shangazi, umeionaje?"

"Ni nzuri, mwanangu. Ila huyo bwana, mbona hali?"

Ni kweli. Mhusika wako mkuu ametembea kurasa arobaini bila kutia kitu mdomoni. Huko Karagwe! Mpe chakula leo leo.

8. Mwenyekiti wa kijiji atajiona

Chonyonyo watu wanajuana. Ukiandika mzee mchoyo mwenye pikipiki nyekundu, wazee watatu watakuja kuuliza ni nani kati yao. Badilisha pikipiki, badilisha ukoo, changanya watu wawili wawe mmoja. Umbea wa kweli juu ya jirani uliye naye hauhitaji riwaya, na kumchafulia mtu jina kuna sheria yake.

Lakini usilainishe jambo lenyewe. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, akasema wazi yanayowapata wasichana shuleni mikononi mwa wakubwa. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi, kisha kikarudi na kuwa miongoni mwa riwaya zinazosomwa sana nchini. Mtu mfiche, tendo lianike.

7. Herufi l na r zipatanishwe

Sisi wa huku l na r hubadilishana viti mdomoni, na mdomoni haina ubaya. Kwenye karatasi ina gharama. Ukiandika kwamba wapenzi walikutana "mahari" pazuri, baba wa binti ataanza kuhesabu ng'ombe. Ukiandika familia imekaa "kura" ndizi, Tume ya Uchaguzi italeta msimamizi. Nunua kamusi nzuri ya Kiswahili, na kila neno lenye l au r unalolitilia shaka lipigie mstari ukalitafute.

Maneno ya Kinyambo, lugha yetu ya Karagwe, hata hivyo, usiyafute kwa woga. Shafi Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) Unguja ikisikika ndani yake kila ukurasa, nasi wa bara tukasoma tukaelewa. Msomaji wa Tanga au Mombasa akikutana na neno la kwetu mahali pake, palipo na moshi na watu, ataling'amua bila faharasa.

6. Chapa, hifadhi, hifadhi tena

Fonti ya kawaida, ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba kila ukurasa. Kama unamlipa mtu wa steshenari Kayanga akuchapie, soma kila ukurasa mwenyewe kabla hujalipa. Kisha nakala moja kwenye flashi, moja kwenye barua pepe yako, moja kwa ndugu aliye mkoa mwingine. Mashine ya steshenari si benki.

5. Mchapishaji ni mmoja, mpiga chapa ni mwingine

Hapa ndipo waandishi wapya wanapotoa machozi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchapishaji anauchukua muswada wako, anagharimia uhariri, usanifu wa kurasa, jalada na uchapaji, anauza, kisha anakulipa wewe mrabaha. Mpiga chapa ana mashine. Unamlipa, anakupa maboksi ya vitabu, mmemalizana. Wote wawili ni watu wa heshima. Wa kuogopwa ni yule aliye katikati, anayejiita mchapishaji, anayeusifu muswada wako asubuhi na jioni anakutumia namba ya kuweka mamilioni. Mchapishaji wa kweli hatoi sifa kwa risiti.

Mrabaha mara nyingi huzunguka asilimia 10. Uliza asilimia 10 ya nini. Kitabu cha shilingi 10,000, ukilipwa kwa bei ya dukani, kinakupa 1,000. Ukilipwa kwa kile mchapishaji anachobaki nacho baada ya duka kupewa punguzo la asilimia 30, kinakupa 700. Shilingi 300 kwa kila nakala ni nauli ya bodaboda nyingi sana.

Mkuki na Nyota, E & D Vision na wenzao hupokea miswada kutoka popote nchini. Tuma barua fupi: riwaya inahusu nini, ina maneno mangapi, wewe ni nani, na sura mbili au tatu za mwanzo. Usiandike kwamba marafiki zako wote wameipenda. Marafiki wa kila mtu wameipenda ya kwake. Jibu linaweza kuchukua miezi. Usipige simu kila Jumatatu.

Na ukiamua kujichapishia mwenyewe, fanya bila kuinamisha kichwa. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers na kutoa humo riwaya zake zilizosomwa na taifa zima kwenye mabasi. Ila jua kwamba umejipa kazi nne: mlipe mhariri asiye ndugu yako, mlipe msanifu, chukua ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na ujue hesabu ya karatasi. Kurasa za kitabu mara nyingi huchapwa kwa mafungu ya 16. Riwaya ya kurasa 197 itabidi iwe ya 208, yaani unalipia kurasa 11 nyeupe. Punguza kurasa tano tu, ikae 192. Hizo tano unazijua zilipo: ni ile hotuba ya mzee kwenye sura ya tisa.

4. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikutaki uende popote ili kazi iwe yako; ni yako tangu ilipokaa kwenye karatasi, maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kusajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo sajili.

Hatari kubwa iko kwenye mkataba. Tafuta maneno "haki zote". Ukiyaona, simama. Haki ya kitabu ni kitu kimoja. Tafsiri, filamu, redio na kitabu cha kusikiliza ni vitu vingine, na kila kimoja kina bei yake. Tafuta pia kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asikichape tena, haki zinarudi kwako. Kisipokuwepo, omba kiandikwe. Kuomba si utovu wa adabu. Mkataba unaoletwa jioni kwa haraka usomwe asubuhi, na mtu anayejua sheria awe pembeni.

3. Ingia mashindanoni

Muhammed Said Abdulla alikuwa mhariri wa jarida la wakulima Zanzibar. Muswada wake ukashinda shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ukatoka mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na mpelelezi Bwana Msa akazaliwa. Kutoka kwenye mbolea mpaka upelelezi. Nani kasema mkulima hana mkasa?

Leo milango ni miwili mikubwa. Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti neno kwa neno. Wakisema tarehe 30, tuma tarehe 20. Umeme wa Karagwe haujui tarehe za mashindano.

2. Mkumbuke Kitereza, usikate tamaa

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896 na akasoma seminari ya Rubya, huku huku Kagera. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya kubwa kwa Kikerewe kuhusu mume na mke wanaotafuta mtoto na kukataa kuachana. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapisha kitabu cha Kikerewe. Miaka ikapita. Hakukaa kulaumu, alishika kalamu upya akaitafsiri kazi yake yote kwa Kiswahili, mwenyewe, uzeeni. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliyekuwa akiiongoza nyumba hiyo ya uchapishaji ni Walter Bgoya, mwana wa Ngara. Kitereza alifariki mwaka 1981, kitabu ndiyo kwanza kinaanza kutoka.

Huwa nikifikiria miaka hiyo 35, moyo unajaa. Sitaki usubiri kama yeye, na nakasirika kwamba yeye alisubiri. Lakini muswada haukuliwa na mchwa, kwa kuwa aliutunza. Muswada wako ukikataliwa mara ya kwanza, sahihisha, tuma kwingine. Ukikataliwa mara ya pili na sababu ni ileile, sikiliza sababu. Na kama huna nguvu ya kutuma tena mwaka huu, usiutumie kuwashia moto wa kuchemshia maharage.

1. Anza kuuza nyumbani

Kwetu kumeandikwa siku nyingi, ila wageni ndio waliotangulia. Novemba 1861 wavumbuzi wa Uingereza, Speke na Grant, walifika Bweranyange kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe kwa miezi. Mwaka 1863 Speke alikuwa na kitabu mkononi, na dunia ikamsoma Rumanyika kwa macho ya mgeni wake. Mwaka 1876 akapita mgeni mwingine, Stanley, naye akaandika. Israel Katoke akaandika historia ya ufalme wetu, ikatoka mwaka 1975, na tunamshukuru. Riwaya, ambamo mwanamke wa Karagwe anaamka, anakoka moto, anakasirika, anapenda na kubadili mawazo njiani akielekea Kayanga, bado tunazihitaji kwa wingi. Yako ni mojawapo. Ndiyo maana wasomaji wa kwanza wasiwe wa Samora Avenue, Dar es Salaam.

Panga uzinduzi baada ya kahawa kulipwa, pesa ikiwa bado inapumua mfukoni. Usipange wakati wa kupanda maharage, hutampata mtu. Senene wakianza kuanguka, ahirisha bila kujadiliana. Omba ukumbi wa shule ya sekondari, mwalimu wa kalamu nyekundu awe mshereheshaji, na shangazi wa kisu akae mbele; asomewe ile sura iliyomsimamisha. Soma dakika kumi, si zaidi. Kitabu kiwe mezani na bei imeandikwa, na awepo mtu mmoja wa kupokea pesa asiyeona haya kukumbusha chenji.

Peleka nakala mbili maktaba ya shule, hizo ziwe zawadi. Wengine wote walipe, kuanzia mjomba mpaka diwani. Atakayesema "mimi ni ndugu yako, nipe tu," mwambie ndugu ndio wanaonunua viwili. Nami niwekee kimoja chenye sahihi yako. Nitalipa bei ileile ya mezani, na ukijaribu kunipunguzia tutagombana.