Mwembe, Msumeno na Mwezi wa Saba

Kila kusi ilipovuma, tawi la mwembe dodo lilikwaruza bati la jikoni, na hapa Tanga kusi haina adabu ya kupumzika usiku. Mwezi wa saba shemeji akasema basi, analikata. Mvua zimeisha, kidonda kitakauka upesi.

"Mwanangu, mti umeanza kutoa maua," mama mkwe akamwambia. "Subiri tule maembe, utakata mwezi wa pili."

Nilikuwa upande wa mama, na bado nipo. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Ukikata mara baada ya mavuno, masika huukuta mti ukichipua, na machipukizi hupata miezi ya kukomaa kabla ya baridi kuyaamsha maua. Ukikata mwezi wa saba, umekata maembe ya Desemba.

Jumamosi mama alipokwenda sokoni, shemeji akapanda na msumeno. Akakata kutoka juu tu, bila kutangulia kulitia tawi mkato upande wa chini. Halijafika nusu, uzito ukalivuta: likapasuka, likashuka na ganda refu la shina, likaangukia kamba ya nguo na banda la kuku. Majimoto wakammwagikia shingoni, wakaingia ndani ya shati. Alishuka akipiga kelele, utomvu umemchirizikia mikononi, na kesho yake ngozi ilikuwa na malengelenge.

Mama alirudi, akaweka kapu chini, akaokota kishada kimoja cha maua. Yalikuwa yamefunguka machache tu, mekundu kwenye vikonyo, nyuki bado wanazunguka. Hakusema neno. Chakula cha usiku shemeji alijipakulia mwenyewe.

Msimu ule upande wa jikoni haukutoa hata embe moja.

Mwezi wa pili, dodo la mwisho lilipokwisha kuliwa, mama alimwita shemeji yuleyule, akashika ngazi kwa mikono yake. "Anza chini, baba. Sasa hamia juu, mbele kidogo. Kisiki malizia mwisho, usiguse shingo ya tawi." Tawi la pili likaanguka bila kuchana ganda. Shemeji alitaka kuendelea na lile la upande wa mashariki, mama akakataa: shina likivuliwa kivuli chote kwa mara moja, jua litaliunguza. Hilo lingoje mavuno mengine.