Barua kwa Kamati ya Nidhamu Kuhusu Kielelezo Namba Moja

Kwa Waheshimiwa Wanakamati,
Kamati ya Nidhamu ya Wanafunzi,
Chuo Kikuu (jina nimelihifadhi, maana mmeniagiza nisilichafue),
Katikati ya Mashamba ya Chai.

KUH: KUELEZA KWA NINI NISICHUKULIWE HATUA



Barua yenu niliipokea Jumatano saa kumi jioni, mvua ya mawe ikitwanga mabati ya bweni kama ilivyo desturi ya Kericho. Mmenipa siku 14 za kujieleza. Nashukuru kwa ukarimu huo. Matokeo ya mtihani wa muhula uliopita bado hayajatoka, ila barua hii ilinifikia siku mbili tu baada ya kosa, tena ikiwa na mihuri mitatu. Kumbe chuo chetu kina mbio kikitaka.

Kwa faida ya wananchi wasioketi katika kamati, nieleze kosa lenyewe. Nilichora mtambo wa kuchuna chai umevaa joho na kofia ya mahafali, ukipokea shahada ya daraja la kwanza. Nyuma yake nikapanga foleni ya akina mama wenye vikapu mgongoni na vijana wenye vyeti mkononi, wote wakiupigia makofi. Mchoro nikaupiga picha, nikauweka kwenye blogu yangu pamoja na aya nne za maelezo. Kisha wenyewe nikaubandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya tangazo la godoro linalouzwa na orodha ya wasiomaliza karo. Kulipokucha, godoro lilikuwepo, orodha ilikuwepo. Mchoro ulikuwa umepandishwa cheo na kuitwa Kielelezo Namba Moja.

Mashtaka ni matatu. Nayajibu kwa mpangilio wenu.

Shtaka la kwanza: kuchora bila kibali

Nakiri. Utetezi wangu ni kwamba maradhi haya ni ya eneo, hayakuanza na mimi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet na mashine zake za kunasa sauti, akawakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba mtu aitwaye Chemirocha. Huyo Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vilima hivi kwa santuri. Wasichana hawakuwahi kumtia machoni. Wakaamua wenyewe kwamba ni nusu mtu, nusu paa, wakamtungia wimbo.

Nimejaribu kuiona kamati yenu ikiketi Kapkatet siku ile. Nani aliwapa ruhusa ya kumwimba mgeni wa heshima? Kwato mmezitoa wapi? Mnaweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba nusu ya chini ni ya paa? Bahati yetu, kamati haikuwepo. Rekodi ile ikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwenyewe, na mwaka 2014 nakala zikarudishwa Kapkatet, wazee wakaketi kusikiliza sauti za miaka ya ujana wao. Wimbo wa wasichana wasiokuwa na muhuri hata mmoja ulivuka bara ukarudi. Mchoro wangu haukuvuka hata usiku mmoja ubaoni.

Shtaka la pili: kuchapisha mtandaoni yanayoshusha hadhi

Hapa nawapongeza, maana mmewapita wakubwa. Tanzania ilipotaka kuwabana wenye blogu mwaka 2018, ilibidi itunge kanuni na ada zinazozidi shilingi milioni 2 za kwao. Kwetu, mwaka 2019, mbunge wa Malava, Malulu Injendi, alipeleka bungeni mswada wa kuwataka wanablogu wawe na leseni, lakini haukuwa sheria. Nyinyi hamkuhitaji bunge wala gazeti la serikali. Mlihitaji mtu mmoja wa kung'oa pini nne ubaoni.

Barua yenu inauliza, kwa herufi nzito: “Mtambo huo unamwakilisha nani?” Waheshimiwa, mtambo unauwakilisha mtambo. Una meno ya chuma na mfuko wa kupokelea majani. Kama kuna mjumbe aliyeutazama akamwona mtu anayemfahamu, basi mchoraji ni yeye, na ningefurahi aninong'oneze alimwona nani.

Mahali pamoja tu sitatania. Desemba 2024 Gideon Kibet, kijana aliyejulikana kwa picha zake za vivuli zilizomkejeli rais, alitekwa nyara. Akaachiliwa Januari 6, 2025. Juni mwaka huohuo Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Ndiyo maana nilipompigia mama simu kumwambia nimeandikiwa barua, hakuuliza nimechora nini. Aliuliza, “Hao waliokuandikia, wana anwani?” Nikamwambia wana anwani, na mihuri mitatu. Nikamsikia akishusha pumzi. Basi poleni kwa kuwaona nafuu. Nchi hii imetufundisha kuishukuru barua.

Shtaka la tatu: kujihusisha na sanaa ilhali nimesajiliwa katika Sayansi ya Kilimo

Hili ndilo lililoniuma, kwa kuwa ndilo lenye heshima ya hesabu. Serikali imekwisha kutupimia. Katika mtaala mpya, sekondari ya juu inatarajiwa kupeleka asilimia 60 ya wanafunzi kwenye sayansi na teknolojia, asilimia 25 kwenye sayansi za jamii, na asilimia 15 kwenye sanaa na michezo. Hiyo 15 sanaa itagawana na mbio. Nanyi mkiwa wakazi wa Kericho na Bomet mnajua mbio zikishakula zitabakisha nini sahanini.

Hata hivyo, nakana shtaka. Mchoro wangu ulikuwa zoezi la kilimo, na kama ungepelekwa kwa mhadhiri badala ya askari wa lango, pengine ungepata alama.

Tuanze na mche wenyewe. Mchai ni mti. Ukiuacha utarefuka kuliko nyumba ya mwalimu. Hili zulia la kijani ambalo wageni hulipiga picha kando ya barabara kutoka Kericho hadi Litein si umbile lake. Ni kazi ya kisu. Unapogolewa kila baada ya miaka michache, na katikati ya hapo unachunwa kila wiki moja au mbili, mpaka kichwa chake kinakuwa bapa kama meza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kozini kwetu anaijua meza hiyo kabla ya kuijua maktaba.

Sasa mama yangu akisimama mbele ya meza huchuna nini? Hagusi majani yaliyokomaa ya chini, yale magumu yaliyotulia, yaliyokubali. Hutafuta kilichozidi meza: majani mawili na chipukizi. Bei iko hapo, na kampuni zote za Wazungu na za Wasri Lanka zilizomiliki mashamba haya zililijua hilo. Mtambo ndio usiojua. Hauna macho ya vidole. Hukata kwa usawa, ukazoa chipukizi, kijiti na jani kuukuu pamoja, mradi meza imenyooka.

Mei 2023 watu walichoma mitambo hiyo katika mashamba makubwa ya Kericho, na katika vurugu zile mtu akapoteza maisha. Mimi sikuchora moto. Nilichora sherehe, kwa sababu nimeona mtambo ukipewa kazi ya mama wa jirani, na nimeona kaka zetu wenye shahada wakirudi kuuliza kama kuna nafasi ya kuuendesha. Niliona ni haki shahada ipewe yule aliyepata kazi.

Na nikiwa chuoni kwa mwaka wa tatu, nimeanza kuuona mtambo mahali pasipo na chai. Anayeuliza swali baada ya mhadhara huambiwa muda umekwisha. Klabu ya uchoraji iliombwa katiba, ikaleta katiba, ikaombwa mlezi, ikaleta mlezi, ikaombwa ukumbi, ikafa. Sina ugomvi na meza, Waheshimiwa. Chuo bila utaratibu ni kichaka. Ila mchunaji hukata kilichochomoza kwa sababu ndicho alichokuja kutafuta. Hukiweka kikapuni kwa uangalifu, kisisagike, kisipigwe jua. Nyinyi mmekikata vilevile, mkakitupa kwenye faili, mkakaa kujivunia majani ya chini.

Ombi langu

Adhabu nitaipokea. Mkinisimamisha muhula mmoja, nyumbani kuna kikapu cha pili. Ninaloomba ni dogo, na si kwa ajili yangu.

Naomba mnirudishie Kielelezo Namba Moja.

Sababu ni karatasi. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, penye chai kama kwetu, aliandika riwaya kwenye karatasi za choo alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Hali imeboreka tangu wakati huo: mimi nina risiti. Muhula huu sikuweza kununua karatasi za kuchorea, nikagundisha pamoja risiti 12 alizopewa mama kwenye kituo cha kuuzia majani. Nilimwomba. Alisema nichore, mradi nisizipoteze, kwa kuwa bonasi ya Oktoba inakaribia na yeye hapokei hesabu ya kiwanda kabla ya kuilinganisha na yake. Mama hakufika darasa la tano, lakini kwa kilo hadanganyiki.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ugeuzeni mchoro. Mbele kuna mtambo uliovaa joho. Nyuma kuna kilo 214 za majani mabichi, zilizochunwa kwa mkono, zikabebwa mgongoni kupanda kilima kile mnachokiona kutoka dirisha la chumba cha mikutano. Nimesikia mnakusudia kuuteketeza baada ya kikao. Kabla ya kuwasha kiberiti, naomba mjumbe mmoja mwenye mwandiko mzuri azinakili tarehe na kilo zote, risiti kwa risiti, aweke sahihi. Mihuri mitatu itatosha.

Au mnirudishie tu. Mama amesema mkifanya hivyo nitampelekea mwenyekiti kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na kwamba nisimchore akinywa.

Wenu mtiifu, kwa kimo kilichoagizwa,

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Nakala: Mama (asomewe polepole, naye atasahihisha kilo)