Kwa Heshima ya Desa

Wafalme wamesifiwa, majahazi yamesifiwa, na wapo waliotunga beti kusifu embe. Desa halijasifiwa na mtu. Nalo ndilo linalowavusha watoto wetu mtihani wa fasihi ya Kiingereza kidato cha nne: kurasa chache za fotokopi zilizobanwa pini kwenye kona, zinauzwa steshenari jirani na geti la shule kwa bei isiyofika ya sahani ya chipsi. Mimi nafundisha somo hilo. Nimelisahihisha desa katika miandiko ya kila aina, mpaka ndoto zangu zinaanza na dhamira, zinafuata migogoro, ndipo ninaamka.

Kwa kifupi tu niseme kwamba ni jepesi, halina kiburi cha kumtaja aliyeliandika, na Novemba ikishapita linafungia karanga vizuri. Kwenye tahajia halina ubaguzi: nakala moja ilimwita Baroka, yule mtawala wa Ilujinle katika The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, kwa jina la Baraka. Darasa zima likamwita Baraka, akawa Mswahili kamili.

Lakini fadhila yake kuu ni kwamba linaenea kila kitabu. Chukua ile aya ya nafasi ya mwanamke katika jamii: mwanamke ni chombo cha starehe, mwanamke ni mlezi, mwanamke ni jasiri. Wameivaa Sidi wa Soyinka, Thoni wa Ngũgĩ katika The Black Hermit na Olabisi wa Osman Conteh, na haikumbana wala kumpwaya hata mmoja. Nikataka kujua uwezo huu unaishia wapi. Juzi nimesimama kwenye daladala, nikalijaribu kwa tangazo lililo juu ya dirisha: USITOE KICHWA NJE. Dhamira, matabaka: wapo wenye dirisha, na tupo tunaoning'inia bombani. Mgogoro wa nje ni baina ya abiria na konda. Wa nafsi, abiria anautaka upepo lakini kichwa nacho anakipenda. Ujumbe: tusitoe vichwa. Falsafa: mwandishi anaamini kwamba kichwa kina umuhimu mkubwa katika maisha ya binadamu. Msimamo wake ni wa kimapinduzi, maana ameandika kwa herufi kubwa. Nafasi ya mwanamke: mama wa siti ya mbele aliyepakata mtoto ni mlezi, alipomjia juu konda kudai chenji yake, jasiri. Je, kazi hii inasadifu Tanzania ya leo? Inasadifu mno. Nilishuka Buguruni na alama zote.

Sasa njoo kwenye Three Suitors: One Husband, tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni. Kijijini Mvoutessi, ukoo unamuoza binti yao Juliette kama mnada: mkulima kaleta faranga 100,000, mtumishi wa serikali kaleta 200,000. Binti anaziiba zote 300,000, anampa kijana anayempenda, na kijana anakuja kulipa mahari kwa fedha hizo hizo. Utavunjika mbavu. Desa linasema: ndoa za kulazimishwa. Na mimi nakaa na rundo la karatasi zinazosema ndoa za kulazimishwa, na hakuna hata mmoja, jamani, hata mmoja, aliyegundua kwamba humo ndani pesa zimeibwa!

Simlaumu mtoto. Kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kafika kidato cha kwanza kaambiwa sasa ni Kiingereza kitupu. Kitabu chenyewe kimo kabatini, nakala za kuhesabu, na ufunguo anao mkuu msaidizi, ambaye yuko semina. Na hata angekisoma? Swali linataka vitabu viwili na hoja kadhaa kwa kila kimoja. Leo rushwa, mwakani mapenzi, na vitabu vimegeuzwa ghala la mifano. Mtunga maswali na desa wanajuana kuliko mtu na mkewe. Kila mwaka wanaandikiana, huyu swali, lile jibu, na sisi walimu ndio matarishi wao.

Kwenye moki mojawapo alikuwepo binti aliyeazimwa kitabu na dada yake, akakisoma chote. Akaandika kwamba Juliette ni mwizi mwerevu, kwamba ukoo umelipwa kwa pesa za wizi na hawana habari, na kwamba yeye mwenyewe alicheka mpaka bweni zima likamfokea. Kiingereza kilichechemea, lakini kilikuwa chake. Niliipeleka karatasi kwa kiongozi wa jopo letu la usahihishaji, mtu muungwana. Akaisoma yote, akacheka pale pale panapochekesha. Kisha akavuta mwongozo wa kusahihishia, akateremsha kalamu nyekundu hoja moja baada ya nyingine hadi mwisho wa ukurasa.

"Mwalimu," akasema, "mimi hapa sioni pa kutiki."

Akampa mbili za utangulizi.