Mhadhara wa Kuacha Chombo, Uliotolewa Dikoni Mkokotoni

Mheshimiwa Sheha, manahodha, wachuuzi wa pweza na dagaa, vijana wa bodaboda, na nyinyi akina mama ambao naona wazi mmefuata kivuli cha mkungu huu wala si elimu!

Nianze kwa kulalamika, maana msomi asiyelalamika hatambulikani. Mwaliko ulisema saa tano. Saa tano kasorobo mimi nilikuwa hapa, gari nimeshalishusha pale chini kwenye mchanga mgumu, baina ya ngalawa mbili, kwenye nafasi ambayo hata Darajani hujapata kuiona. Nyinyi mmekuja baada ya adhuhuri, tena mmoja mmoja, kama bomba linalovuja. Haidhuru. Nimewekewa kiti, nimeipa bahari mgongo ili isinivuruge mawazo, na sasa tunaanza.

Ndiyo, mzee wangu, nimeuona mkono. Maswali mwisho.

Wasionijua, mimi ndiye mtaalamu pekee wa Elimu ya Kuacha Chombo katika Wilaya ya Kaskazini A. Nikisema pekee sijisifu. Nimemtafuta mwengine sikumpata. Uprofesa nimejipa mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili na birika la kahawa, kwa sababu chuo cha fani hii hakijajengwa na mimi umri hauningoji. Utafiti wangu wote umo humu, daftari la kurasa 96, na kurasa nne za mwisho tu ndizo zina hesabu za duka.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu wa Unguja akikwambia "nimeacha chombo changu", hujui kaacha jahazi au Vespa mpaka umtazame miguu kama imerowa. Na hapo ndipo ilipo siri. Watu wanadhani kuacha chombo na kusafiri ni jambo lililoletwa na viwanja vya ndege. Si kweli hata chembe! Kaskazi ikivuma, toka Disemba mpaka Machi, majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja Unguja yakisukumwa na upepo huo. Ya kurudi yalingoja kusi, na kusi haiji kwa kuitwa; mpaka Aprili. Katikati hapo nahodha wa Sur ya Omani afanye nini? Alitia nanga Malindi, au alikipandisha chombo Funguni maji yakimwachia, akakikwangua, akakipaka deheni chini na sifa juu, kisha akaenda zake kunywa kahawa wiki baada ya wiki. Hayo, waheshimiwa, ndiyo maegesho ya muda mrefu ya mwanzo mwambao huu. Wala hapakuwa na kijana wa kukata tiketi.

Kabla hatujaendelea, kumbukeni hilo neno sifa. Nitalirudia kwa majuto.

Sasa niingie kwenye safari yangu, ambayo ndiyo maabara. Binti yangu alijifungua Toronto, mwezi wa Disemba, mwezi ambao mtu mwenye akili hajifungulii huko. Mama yake alishatangulia. Mimi nikafuata, kwa ndege ya kupitia Addis Ababa, nikakaa siku 97. Kabla ya kuondoka mkwe wangu akanipigia simu: "Baba, usisumbue watu. Endesha mwenyewe mpaka uwanjani, liache gari pale, ukirudi unaondoka nalo. Huku ndivyo tufanyavyo."

Nikalifikisha shauri hilo kwa dada yangu mkubwa. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza neno moja: "Kwani sisi tumekufa?"

Basi. Swali hilo limefunga mjadala ambao huko duniani unajaza vitabu. Toka hapa mpaka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume ni zaidi ya kilomita 40, na mimi nilisindikizwa na watu 17, kwa Noah moja na gari ya shamba iliyokodiwa. Wawili katika hao nilikuwa siwajui. Walikuwa wanakwenda Kwerekwe, wakaona msafara, wakapanda. Tulipofika walimwagika wote maegeshoni na vikapu vyao, wakala mihogo ya nazi, mtoto mmoja akapotea akapatikana, na shangazi akalia kana kwamba mimi ndiye ninayekwenda kuzaliwa. Ndiyo kazi ya maegesho ya uwanja wetu. Pale pana pa kulilia. Mtu akiegesha peke yake, akafunga mlango, akaliburura begi lake mpaka ndani, atatazamwa na atapewa pole.

Huko Toronto nimeyaona kwa macho yangu. Jirani wa mkwe, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa anakwenda Florida kulikimbia baridi. Saa tisa za usiku, theluji inaanguka, namwona dirishani anapangusa kioo cha gari kwa mkono mmoja, mwengine umeshika begi. Anakwenda kuliacha uwanja wa ndege wa Pearson, alipie kila siku moja moja mpaka arudi. Nikamuuliza mkwe, "Huyu hana ndugu?" Akasema anao sita, wote mji huu huu. Nilikosa usingizi.

Mzee wangu, unasema mwezi? Ndiyo, jana ulikuwa mpevu, uling'ara mpaka nikapitia daftari langu bila ya taa. Ahsante kwa kunikumbusha, lakini falaki si fani yangu. Subiri.

Nije kwenye sayansi sasa, na hapa naomba vijana wa gereji muache simu. Baridi ya huko hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, yaani zaidi ya jokofu la malai. Betri iliyojaa chaji inaistahamili. Betri iliyokwisha maji yake huganda, kasha likapasuka. Ndani ya rejeta hawatii maji matupu, wanatia dawa ya kuzuia kuganda. Sehemu za Winnipeg nimeambiwa, na mkwe akanionyesha picha, magari yanatoa waya puani na kuchomekwa umeme usiku kucha ili injini isife baridi. Gari linalala linanyonya kama mwana mchanga! Na Quebec serikali inakulazimisha kuvaa tairi za theluji, toka tarehe 1 Disemba hadi 15 Machi, kwa sheria. Nilipolieleza hili baraza ya hapa, mtu mmoja akauliza kama ile tairi yangu ya nyuma, yenye waya nje, ingeruhusiwa. Sikumjibu, na leo namwona kakaa pale pale.

Lakini kilichonishinda kabisa ni chumvi. Jamani, watu wale wananunua chumvi! Wanaijaza malori, wanaimwaga barabarani ili barafu iyeyuke. Kisha chumvi ile ile inaruka chini ya magari na kuyala mabati, na magari yanaoza miguu yangali vijana kwa juu. Nilisimama kando ya njia na koti langu la kuazima nikacheka mpaka machozi yakaganda. Sisi Mkokotoni chumvi inatufuata yenyewe, bure, na upepo, mchana na usiku, inaingia mpaka ndani ya tundu la ufunguo. Nimetoka nchi inayolia kwa chumvi, nimekwenda nchi inayolipia. Nilimweleza mkwe kuwa tungeweza kuwapelekea magari yetu wakayafanyia uchunguzi, yameshamaliza kozi.

Kwa hiyo gari langu nililiacha wapi? Swali zuri, ingawa hakuna aliyeliuliza. Suzuki Escudo yangu niliiacha nyumbani, na nilifanya kila jambo kwa mujibu wa fani. Chini ya mnazi sikuliweka. Nazi haina adabu. Chini ya mwembe vile vile, kwa utomvu, na zaidi kwa kunguru. Mnajua hawa kunguru si wa kwetu? Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 na wakubwa wa serikali, eti waje kula taka za mji. Taka wamekula, na vifaranga wamekula, na wakishashiba wanayajia maboneti. Kinyesi cha kunguru kikikaa jua mbili juu ya rangi, basi rangi hiyo muombee dua.

Handibreki sikuivuta, kwa sababu chombo kikikaa miezi mitatu hewa ya pwani pedi hushikana na chuma kwa kutu. Nilitia gia ya kwanza na nikaegemeza mawe kwenye tairi, mawili mbele, mawili nyuma. Tairi nilizijaza upepo kupita kawaida, maana zikilala zinapungua na kuota bapa. Tangi nililijaza mafuta pomoni. Turubai nilikataa, linafungia unyevu ndani. Na la mwisho, kubwa kuliko yote: nilifungua waya mweusi wa betri kwa spana namba kumi. Saa ya gari, kengele ya wezi, redio, hivyo vyote hunyonya moto kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa. Mimi nimelifanya hili kuwa ibada. Hata leo, kwa mhadhara huu tu, waya nimeufungua, gia nimetia, mawe manne nimeyaweka, na spana ninayo mfukoni. Mwalimu asiyefuata mafunzo yake ni kasuku.

Kosa langu lilikuwa moja. Ufunguo nilimwachia mpwa wangu, "aliamshe" mara moja kwa wiki.

Niliondoka mita ikisoma kilomita 184,210. Nimerudi inasoma 191,655. Kisiwa hiki kwa urefu ni kilomita 85 hivi. Gawanyeni wenyewe, kijana amekipima mara 87 na ushei. Nikamwita. Akaja kwa heshima zote, kavua na kofia: "Ami, gari lisipotembea linakufa. Mimi nilikuwa nalinusuru." Nikainama chini ya kiti cha nyuma, mtafiti hadharau ushahidi. Nimekuta magamba ya changu yaliyokauka, hina kwenye kitambaa, kiatu kimoja cha mtoto mguu wa kushoto, kipande cha udi, na karatasi yenye majina ya watu kumi na mmoja na mbele ya kila jina "kalipa" au "bado". Limebeba harusi mbili na samaki wa wiki nzima, na pengine siku moja. Ami wa watu yuko Toronto anatetemeka, gari lake linafanya kazi kuliko yeye alivyowahi kufanya.

Na bado nasema, mbele ya Sheha, kuwa gari lile liliwaka kwa ufunguo mmoja. La jirani wa mkwe, aliporudi kutoka Florida, lilikuwa limezikwa theluji na betri imekufa. Lilikuja kusukumwa na mtu wa kulipwa.

Mzee wangu, maji? Nimeletewa, ahsante sana, chupa nzima hii hapa. Mkarimu mno.

Lile la sifa. Niliporudi nilikuta kutu imeanza chini ya milango, nikawakumbuka manahodha wa Sur. Nikasema ikiwa mafuta ya papa yamelinda mbao baharini karne na karne, yatashindwa na bati? Nikanunua debe moja hapa hapa dikoni, nikaipaka Escudo yote, toka taa hadi taa, kwa brashi ya chokaa. Kutu, kweli, ilisimama. Lakini jua la kaskazi lilipoipiga... Niseme tu kwamba siku ile nilikwenda Mahonda na nikarudi na paka tisa. Mke wangu hadi leo hupanda daladala. Abiria niliyempa lifti Kinyasini aliomba kushuka kabla hajakaa vizuri. Matokeo ya utafiti huu yako ukurasa wa 71, na kurasa zenyewe bado zinanuka.

Sasa nimemaliza sehemu ya kwanza. Ya pili inahusu bima, na... Naona mnasimama. Mbona mnasimama, nyote, hata Sheha? Mnatazama nini nyuma yangu?

Haya, mzee wangu, muda wa maswali umefika. Uliza. Bamvu? Nini bamvu? Leo bamvu? Yanajaa saa kumi? Na saa hii saa ngapi?

Ngalawa mbona zinaelea! Ndiyo maana palikuwa na nafasi!

Kimbieni! Msishike taa, shikeni bampa. Halendi? Gia! Nimetia gia, ngoja nifungue mlango. Mawe, toeni mawe, manne, mawili yako chini ya maji huko, papaseni! Liwashwe? Haliwashiki, waya wa betri... spana ninayo, spana namba kumi, hii hapa... Imeanguka. Nimeiona ikianguka. Mpwa wangu yuko wapi? Mwiteni yule kijana, yeye ndiye analijua gari hili! Leteni kamba ya nanga. Mama zangu, na nyinyi, ahsanteni, kivuli kitangoja. Haya kwa pamoja. Kokoteni! Kokoteni, jamani, kokoteni!