Muntu Eko Wapi?

Miongoni mwa miji iliyozaliwa na shaba, sidhani kama kuna mmoja unaoipita Likasi kwa wingi wa makadhi wa picha. Hapa mtu aweza kuishi umri wake wote pasina kushika brashi, akafa na akazikwa, wala asihesabiwe kuwa na upungufu wowote. Lakini mwonyeshe mchoro, naye atakohoa kidogo, atarudi nyuma hatua mbili, atafumba jicho moja, kisha atatoa hukumu isiyo na rufaa katika mahakama yoyote ya dunia. Tabia hii ina asili yake. Katika miaka ya 1960 na 1970, sebule nyingi za Katanga zilipambwa kwa picha zilizochorwa juu ya nguo ya magunia ya unga, na wachoraji wenyewe walizitembeza nyumba kwa nyumba wakiwauzia makarani, mafundi na wachimba migodi. Alikuwako Mamba Muntu, hurulaini wa majini mwenye mkia wa samaki na saa mkononi, ambaye wajuzi walisema humtajirisha yule awezaye kuufunga mdomo wake. Na ilikuwako Colonie belge, yaani ua wa gereza, mfungwa kalazwa kifudifudi anachapwa kiboko, mzungu kasimama kando anatazama, na bendera inapepea juu ya wote. Mgeni alipokwisha kukaribishwa kiti, mwenye nyumba aliielekea picha akaanza kusimulia, na picha isiyosimulika ilihesabiwa kuwa ni ukuta uliochafuka.

Mimi nilianza upande wa ukuta uliochafuka. Utotoni, mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, tulikaa katika nyumba ya kambi iliyopakwa chokaa nyeupe, na kwa kuwa mama alipikia makaa, sikupungukiwa na kalamu. Nilichora mbuzi, treni, padri mwenye ndevu, na shangazi yangu akiwa amekasirika, hali ambayo ilikuwa rahisi kuipata. Baadaye sana nilisoma habari za Albert Lubaki, mchonga pembe wa Bukama, ambaye naye alichora juu ya kuta za nyumba, na mnamo 1926 mtumishi wa serikali ya Kibelgiji, Georges Thiry, alipoziona picha hizo alistaajabu, akampa karatasi na rangi za maji. Kazi za Lubaki zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929, na Geneva mwaka uliofuata. Kuta zangu nazo zilipata mtumishi wa kuzistaajabia, ila huyu alikuja na ndoo ya chokaa, na gharama ya chokaa ikakatwa katika mshahara wa baba.

Watu hudhani kwamba mapenzi huuawa na njaa, au na kukatazwa. Mapenzi yangu ya kuchora hayakudhurika kwa chokaa wala kwa fimbo ya baba. Yaliuawa kwa mshahara. Nilipomaliza shule niliajiriwa katika ofisi ya ramani ya kiwanda ambacho sitakitaja, nikapewa meza iliyoinama, rula, bikari na kalamu za wino, nikaambiwa kuwa tangu siku ile mimi ni mchoraji, jambo ambalo lilimfurahisha baba kupita kiasi na kumfanya asahau chokaa. Nikachora mabomba. Nilichora mabomba yaendayo na mabomba yarudiyo, viungo vyake, vali zake, na matangi ya tindikali ambamo mwisho wake huingia, na juu ya kila mstari ilinibidi kuandika kipimo. Siku moja, kwa uchovu wa mchana, nilimweka ndege mdogo juu ya bomba moja. Ramani ilirudishwa mezani kwangu ikiwa na karatasi iliyobanwa, mkubwa wa kazi akiuliza kwa adabu kifaa kile ni cha madini gani, kipenyo chake ni milimita ngapi, na kimeagizwa kutoka wapi.

Nilipostaafu, mjukuu wangu aliniletea kalamu ya risasi na daftari lake la shule, akasema, "Nkambo, unichoree kuku." Nilikubali kwa furaha ya mtu anayeitwa tena kwenye karamu aliyokwisha kuisahau. Mkono, kumbe, ulikuwa umeshika adabu za ofisi. Kuku alitoka kwanza kwa ubavu, kisha kwa mbele, kisha kama aonekanavyo na aliye juu ya paa. Miguu yake ilikuwa na unene ulio sawasawa toka juu hadi chini, na mahali ilipokutana na mwili nilikuwa nimeweka kiungo chenye bolti. Mtoto alimtazama kwa makini, kisha akauliza bomba hili hufunguliwa upande gani.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kuurudia mchoro kulipaswa kuanza na kuusahaulisha mkono. Nikamkumbuka Bela, mmojawapo wa wale waliokusanywa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés katika karakana yake ya Elisabethville kuanzia 1946, ambaye aliacha brashi akapaka rangi kwa ncha za vidole, mpaka wanyama na samaki wake wakaonekana kuwa wanatetemeka. Rula haiwezi kushikwa na kidole kilicholowa rangi. Shauri lilikuwa jema. Sikuzingatia tu kwamba katika mji wetu mtu hupeana mikono na watu tangu alfajiri hata usiku. Mzee mmoja wa kwaya, ambaye alipita kunisalimu akiwa katika kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya ibada, aliondoka na mkono wa buluu, na kwa sababu alikuwa na mazoea ya kujigusa kifuani kila asemapo jambo la kweli, na siku ile alisema mengi ya kweli, sihitaji kueleza zaidi.

Kisha ikaja fitina ya rangi ya kijani. Rangi za dukani ni ghali, nasi Mungu katujaalia jiwe la malakiti, ambalo ni shaba iliyogeuka kijani ardhini, na ambalo Wamisri wa kale walilisaga wakalitumia kwa rangi. Niliona ni aibu mtu wa Likasi kununua kijani kutoka ng'ambo. Nikapata vipande kwa wachonga vikuku, nikavitwanga katika kinu kilichokuwa karibu, nikachekecha, nikajisifu. Kinu kile, kwa bahati, kilikuwa ndicho cha sombe. Sasa msomaji afikiri mwenyewe: majani ya muhogo ni ya kijani, na jiwe ni la kijani, na macho ya binadamu yana mpaka. Mama watoto hakuitambua hiana kwa macho bali kwa mchi, ambao ulianza kulia badala ya kudunda. Akaninyoshea ule mchi, akaniuliza, "Baba, tangu lini sombe inaota mawe?" Sombe ikamwagwa shimoni, nasi tukala bukari, yaani ugali, kwa chumvi; kinu kikahamia kwangu kwa hukumu ya nyumba nzima, na kile kipya nilichotakiwa kununua kilinigharimu pesa ambazo zingetosha kununua makopo ya kijani cha dukani ya kutosha kupaka kanisa.

Hata hivyo, nilikuwa na rangi. Nikapanda kilimani asubuhi, nikachora Shituru, ambako tangu 1929 madini huoshwa kwa tindikali na shaba ikavutwa kwa umeme: dohani, moshi uliolala juu ya mabati, reli, na majani ya kijani changu. Sikuweka mtu. Nilitaka mahali pakae peke yake, kwa kuwa umri wote nilichora vitu vyenye kazi, na sasa nilitamani kitu kisicho na kazi. Niliipeleka kwa kinyozi wa Kikula ambaye alikuwa amenitolea ukuta wake.

Kinyozi alikohoa, akarudi nyuma hatua mbili. "Mukubwa, ni muzuri. Lakini muntu eko wapi?"

Nikamjibu kwamba ni alfajiri, watu wamelala.

"Bantu banalala, na moshi inatoka? Nani anawasha moto?"

Hoja hii sikuweza kuivunja, nikamweka mfanyakazi juu ya baiskeli. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa kimenyolewa, akauliza kama mtu huyu aenda kazini bila chakula. Nikamweka mkewe na sahani iliyofunikwa. Mwingine akasema kiwanda kisicho na mlinzi kitaibiwa nyaya, nikamweka mlinzi. Na mlinzi, wakasema, hasimami wima hivi kama hapana mkubwa wake. Hivyo mzungu akaingia, na baada yake bendera, na baada yake mtu kalala kifudifudi. Nilipopinga kuwa hii ni asubuhi tu wala si historia ya nchi, kinyozi alinitazama kwa huruma. Nami sikushangaa, maana Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye katika 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian habari za nchi nzima katika picha zipatazo mia moja, akizieleza kwa Kiswahili hiki hiki cha Katanga, naye alishikilia kwamba yeye ni mwanahistoria. Mimi nilitaka kuwa mvivu tu, cheo ambacho mji huu haukitoi.

Dohani sasa haionekani. Imefunikwa na bendera. Kinyozi ameinunua picha, nusu kwa fedha na nusu kwa kunyolewa bure, ingawa nina kipara. Mzee mmoja ameapa kuwa yule wa baiskeli ni marehemu kaka yake, ila baiskeli ya kaka yake ilikuwa na taa, kwa hiyo Jumamosi naenda kuiweka. Na kinyozi amenionya nisiguse kabisa masharubu ya mzungu, kwa kuwa wateja wamekwisha kubishana ni ya nani, na wameweka dau.