Ombi la Kibali cha Kulea Wajukuu Wangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uhamiaji,
Nchi ya Baridi.

KUH: KIBALI CHA KAZI CHA MLEZI ANAYEISHI NYUMBANI

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mwenye ng'ombe wawili na wajukuu wawili. Utanisamehe kwa kutoitaja nchi yako kwa jina. Faili la binti yangu liko mezani kwako, na aliye kwenye foleni ya kisiagi na debe lake kichwani hamsemi vibaya mwenye mashine. Nitakuita Nchi ya Baridi. Ziko nyingi, na zote zina wazee wasio na wa kuwaogesha.

Naomba kibali cha kazi cha mlezi anayeishi nyumbani.

Usishtuke, siji huko. Magoti yangu hayawezi hata baridi ya Kisii. Nakiomba kibali hicho kwa kazi ninayoifanya hapa hapa kwangu, ya kuwalea watoto ambao mama yao yuko kwako akimlea mzee wa watu. Masharti yako nimeyasoma jioni tatu mfululizo, na naona nimeyatimiza. Mlezi aishi pamoja na anaowalea: tunalala chumba kimoja, na mdogo hunipiga mateke hadi alfajiri. Afanye kazi miezi 24: hiyo nimeipita mara tatu na chenji ikabaki. Awe na elimu na uzoefu: nina cheti cha ualimu cha P1, nimewalea watano wa tumbo langu, na kila Januari serikali ilinifungia darasani na hamsini wengine.

Kilichobaki ni cheti cha tabia njema. Nilipokwenda kupigwa alama za vidole, kijana wa mashine alinipangusa vidole kwa kitambaa, akajaribu, akanipangusa tena, kisha akaniambia kwa upole, "Dani," yaani nyanya, "vidole vyako havisomeki." Alama zimeliwa na jembe. Sijui kanuni zako zinasemaje kuhusu mtu ambaye tabia yake ni njema lakini vidole havina ushahidi.

Utauliza, mwanamke wa umri wangu anataka karatasi ya nini, kwa kazi ambayo angeifanya tu hata bila kuombwa? Ni kwa sababu nimeona kwako kisichoandikwa hakikutokea. Saa za binti yangu zinaandikwa. Kuna karatasi za mshahara, kuna barua ya mwajiri, kuna siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Saa zangu haziko kwenye daftari lolote, ingawa bila zangu hata moja ya kwake isingekuwapo. Angemwachia nani mtoto wa miezi kumi na sita? Swali hilo sikuliona popote kwenye fomu zako, nami nilizisoma mpaka nyuma.

Kuhusu anwani ya mahali pa kazi: unataka jina la mtaa na nambari ya nyumba. Andika hivi, ukishuka stendi ya Oyugis chukua boda, mwambie kwa Mwalimu, atakufikisha. Likizo zikifika watoto huenda Awendo, Kaunti ya Migori, kwa baba yao anayelima miwa, kwa hiyo kazi yangu ina tawi. Enzi zetu hili lisingekusumbua, kwa maana Homa Bay na Migori zote zilikuwa Wilaya ya Nyanza Kusini. Siku hizi mtoto mmoja ana kaunti mbili na mama yake yuko bara lingine, na kisanduku cha anwani ni kimoja.

Nikueleze kidogo kuhusu Jumapili, maana ndiyo siku ya ukaguzi. Saa mbili usiku tunakaa mlangoni jikoni, ndipo mtandao hushika, na simu tunaiegemeza kwenye kopo la mafuta ya Kimbo. Kwa binti yangu ni mchana, na mzee amelala baada ya chakula, kwa hiyo anaongea kwa kunong'ona. Jumapili iliyopita mdogo alikuwa na habari: jino la mbele limetoka. Akafungua mdomo akaubandika kwenye simu. Mama yake akaona giza tupu. "Sogea nyuma kidogo, baba, nikuone vizuri." Akasogea. "Kidogo tena." Akasogea tena, naye ni mtoto mtiifu, mpaka akatoka nje ya picha, akabaki gizani kando ya pipa la maji amepanua mdomo, akingoja kusifiwa.

Kabla hajarudi, mzee akakohoa kule. Wajukuu wangu wanakijua kikohozi hicho kama wanavyoijua kengele ya shule. "Babu ameamka," mdogo akasema, akapunga mkono akaenda zake, hata mama yake hajaaga. Yuko Gredi ya Pili sasa. Mama yake anamwita Mama na mimi ananiita Dani, lakini akishikwa na homa usiku ulimi wake husahau itifaki.

Sisemi ni nchi yako iliyoubuni utaratibu huu wa kumtenga mlezi na watoto wake. Tuchukue Canada, kwa mfano tu. Mwaka 1955 iliwafungulia mlango wanawake wa Jamaica na Barbados waende kufanya kazi za nyumbani, mradi wawe na umri wa miaka 18 hadi 35, wasiwe na mume, wasiwe na mtoto. Huo ulikuwa ukweli wa mchana: mlezi bora wa watoto ni yule asiye nao. Mwaka 1992 ukaja mpango wa mlezi wa kuishi ndani, na watoto wakaruhusiwa, ilimradi wabaki walikozaliwa. Mama alale nyumbani kwa mwajiri, kibali chake kiandikwe jina la mwajiri huyo mmoja, afanye miezi 24, kisha aombe ukaazi wa kudumu na kungoja.

Hapo kwenye kungoja ndipo ninapovua kilemba. Mtu amemaliza miezi yake, hadaiwi kitu, lakini kibali huru cha kufanya kazi popote apendapo hakijatoka. Basi anabaki kwenye chumba kile kile, kwa mwajiri yule yule, kwa kuwa karatasi haimruhusu kwingine. Desemba 2011 Waziri Jason Kenney akatangaza kwamba sasa wangepewa kibali hicho mapema, mara tu wakishatimiza masharti na kupeleka ombi la ukaazi, kama miezi 18 mapema kuliko ilivyokuwa. Miezi 18, Mheshimiwa! Katika miezi hiyo mtoto hujifunza kutembea, kusema, na kumkataa mgeni. Sharti la kulala kwa mwajiri nalo likafutwa Novemba 2014.

Afya nayo, walezi hao walipimwa mara mbili, wakati wa kuingia na tena wakati wa kuomba ukaazi, pengine ili ionekane kazi imewachosha kiasi gani. Juana Tejada, mlezi kutoka Ufilipino, alimaliza muda wake, akapimwa mara ya pili, akakutwa na saratani, ombi lake likakataliwa kwa kuwa angekuwa mzigo kwa huduma za afya. Watu walipiga kelele mpaka akapewa ukaazi mwaka 2008. Akafariki 2009. Kipimo cha pili kiliondolewa mwaka 2010.

Tarehe 31 Machi 2025 Canada ikafungua mpango mwingine, nafasi 2,750 za walezi wa watoto na nyingine 2,750 za walezi wa wazee na wagonjwa. Zilijaa siku hiyo hiyo. Hapa Oyugis hata mbolea ya ruzuku humaliza siku mbili. Uingereza haikutaka usumbufu wa foleni: kuanzia 11 Machi 2024 mlezi akaambiwa asije na mtoto wala mume, na 22 Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa kwa walezi wapya kutoka nje. Wazee wa huko, nadhani, wataogeshwa na sera.

Usidhani tunashangaa. Kibali chenye jina la bwana mmoja tulikijua kabla yako, tukakiita kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kuuma baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, na mwajiri asipoitia sahihi ya kumwachilia, kuondoka kazini kulikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Siku hizi hakuna kikopo. Naona ni maendeleo, shingo ya binti yangu iko wazi kabisa.

Kutoka kwangu hadi Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, si mbali. Huko ndiko alikotoka Hussein Onyango, aliyekuwa mpishi wa Wazungu Nairobi. Watumishi wa nyumbani walikuwa na kitabu chao cha ziada, kwa sheria ya 1928, ambamo waajiri waliandika walivyomwona mtu na kwa nini wameachana naye. Mjukuu wa Onyango alikuja kukishika kitabu cha babu yake mkononi, akakisimulia katika Dreams from My Father. Mjukuu mwenyewe, Barack Obama, baadaye naye alipata kazi ya kukaa ndani, kwenye nyumba moja kubwa nyeupe, mkataba wa miaka minne, ukaongezwa mara moja. Yeye aliruhusiwa kuhamia na mke, na watoto, na hata mama mkwe wa kusaidia kulea. Huyo mama mkwe, Marian Robinson, ndiye mlezi mwenzangu ninayemwonea wivu. Alilea wajukuu, na mama yao alikuwa chumba cha pili.

Sasa niungame jambo, kwa kuwa fomu yako inaonya kwamba kuficha habari ni kosa.

Kazi hii siifanyi peke yangu. Tangu goti la kushoto linigomee, nina msichana wa kazi. Ametoka Tarime, Tanzania, upande wa pili wa mpaka wa Isebania na Sirare. Ni Mkuria, na ndugu zake wako pande zote mbili kwa sababu aliyechora mpaka hakupiga hodi. Siku ya kwanza aliniita Bibi. Shemeji yangu alicheka mpaka akamwaga chai, kwa sababu kwao bibi ni nyanya, lakini huku kwetu bibi ni mke wa mtu, akauliza, "Bibi wa nani tena, na mwenyewe alishazikwa?" Kiswahili chake kinaniaibisha. Mimi nafoka "Lete chumvi," yeye anasema "Naomba chumvi, Bibi," nami nilisahihisha insha kwa miaka thelathini na minne.

Ana mtoto wa miaka minne. Amemwacha kwa mama yake Tarime.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inasema mfanyakazi wa jumuiya ana uhuru wa kuvuka kutafuta kazi, kwa kufuata taratibu. Taratibu sijazifuata. Alivuka na boda. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Yeye amemaliza mwaka na nusu, na kitu pekee nilichomwandikia ni orodha ya kwenda dukani. Mshahara wake hutoka kwenye pesa anazotuma binti yangu, na pesa za binti yangu hutoka kwa yule mzee anayekohoa, hivyo ukifuatilia vizuri, Mheshimiwa, mzee wako amewaajiri wanawake watatu na wa nne yuko Tarime, na yeye anamjua mmoja tu.

Jumapili tukimaliza simu yetu, msichana naye huchukua yake, huiegemeza kwenye kopo lile lile la Kimbo, na kuongea na kwao. Huwa nimeshaingia kulala. Wiki iliyopita vumbi lilinishika kooni nikakohoa, kikohozi cha kawaida tu. Nikasikia jikoni sauti ya mtoto ikitoka kwenye simu, ndogo, ya haraka, kama ya mtu aliyezoea:

"Mama, Bibi kaamka."

Msichana akazima simu, akaja mlangoni kuniuliza kama nataka maji ya moto.

Naomba unitumie fomu mbili.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Oyugis.